Mlimani Kwetu Hakuna Aliyelima Peke Yake

(Mazungumzo ya wakazi waliotoka Jebel Marra, Darfur, yaliyosomwa mbele ya mkutano wa kambi siku ya kumbukumbu)

 

Kamati ilitutaka sisi watu wa Jebel Marra tuseme safari hii juu ya maisha ya kwetu, ili majirani watufahamu na watoto wetu wasisahau. Tunashukuru kwa heshima hiyo. Tutasema kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo Mkongo, Mkenya, mtu wa Sudan Kusini na sisi tunaweza kukutana ndani yake. Wako kati yetu waliotoka nyumbani vijiji vilipochomwa mwaka 2003 na 2004, wakapita Juba, wakakaa Kakuma miaka mingi, wakajifunza lugha hii kisimani na kwenye foleni ya chakula. Wengine tumetoka baada ya vita vilivyoanza Aprili 15, 2023, na Kiswahili chetu bado kinachechemea. Mkisikia kosa, tusameheni.

Ndugu zetu, wengi wenu mkisikia Darfur mnaona mchanga na ngamia. Hamkosei, nchi yetu ni kubwa na mchanga upo. Lakini katikati yake Mwenyezi Mungu ameweka mlima. Jebel Marra ni mlima wa volkano ya zamani, na kilele chake kinapita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Huko juu kuna shimo kubwa liitwalo Deriba, lenye upana wa kilomita kama 5, na ndani yake mna maziwa mawili, moja likiwa na maji ya chumvi. Wakati wa baridi, miezi ya Desemba na Januari, hulali bila moto ndani ya nyumba. Mtoto aliyezaliwa hapa kambini tukimwambia kwamba Sudan kuna mahali watu hutetemeka kwa baridi, hucheka akidhani tunamtania.

Mlima huo huvuta mvua kuliko nchi zote zinazouzunguka. Mvua huanza kama mwezi wa Juni na kwenda hadi Septemba, na vijito hushuka mabondeni hata baada ya mvua kukatika. Kwa sababu hiyo watu wetu, Wafur, wamekaa pale tangu zamani. Masultani wa Darfur walitoka kwetu, na makaburi yao yako Turra, upande wa kaskazini wa mlima. Sultani wa mwisho, Ali Dinar, aliuawa mwezi wa Novemba 1916 alipopigana na Waingereza, na nchi yake ikaingizwa katika Sudan. Tunayataja haya kwa sababu kijana wa kambini huitwa mkimbizi tangu asubuhi hadi jioni, mpaka anadhani ndilo jina la kabila lake.

Sasa tuwaambie kijiji chetu kilivyokuwa.

Kilikuwa kijiji kidogo. Nyumba zilikuwa za mviringo, kuta za mawe, paa la nyasi lenye ncha. Zilishikamana na ubavu wa mlima hata mtu akisimama mlangoni mwake aliona paa la jirani chini ya miguu yake. Udongo wa kulima haukuwa mwingi, na mvua ya mlimani ikiachwa ipite inavyotaka huuchukua wote. Kwa hiyo wazee wa wazee wetu walijenga kuta za mawe, moja juu ya nyingine, kama ngazi, tangu bondeni hadi karibu na juu. Kila ngazi ilishika udongo wake na maji yake. Kuta hizo ni za kale sana. Tulichofanya sisi ni kuzitengeneza kila mwaka, maana jiwe moja likianguka na kuachwa, mvua ya pili huangusha kumi, na mwenye shamba la chini ndiye anayefunikwa. Mlimani huwezi kusema, "Ukuta wangu ni shauri langu."

Tulilima uwele na mtama wakati wa mvua. Palipokuwa na kijito tulichimba mifereji midogo na kulima vitunguu, vitunguu saumu, viazi, nyanya na pilipili wakati wa ukavu. Machungwa ya Jebel Marra yanajulikana hadi mbali. Na huko bondeni ulikuwako mti tunaouita haraz, ambao hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchanua wakati wa kiangazi, kinyume na miti mingine. Kwa hiyo mtu aliweza kupanda uwele chini yake bila kivuli kumharibia, na wakati wa ukavu mbuzi wakala maganda yake. Hatukukata haraz ovyo.

Siku ya soko tuliteremka na punda kabla ya alfajiri. Nertiti, Golo, Rokero, haya ni majina ya miji yetu ya soko ambayo wengi wenu mmeyasikia redioni katika habari za vita tu. Kwetu yalikuwa majina ya chumvi, sukari, nguo na habari za ndoa. Waarabu wafugaji walikuja na maziwa, samli na mifugo, sisi tulikuja na nafaka na matunda. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, mifugo yao ilipita mashambani mwetu kwa mapatano, ikala mabua na kuacha samadi. Ugomvi haukukosekana, ng'ombe hajui mpaka. Lakini palikuwa na njia ya kuumaliza, na hiyo tutaieleza mbele.

Jambo moja huwashangaza majirani zetu hapa, nalo ni habari ya mume na mke. Kwa desturi ya Wafur, mke ana shamba lake na kihenge chake, na mume vivyo hivyo. Wafanyakazi wa mashirika wanapouliza, "Mkuu wa kaya ni nani?" na kuandika jina la mume tu, mama zetu hutazamana. Tuseme ukweli pia, sisi wanaume tuliopo hapa: kazi iliyo nyingi ilikuwa ya wanawake. Wao walilima, wakachota maji, wakasaga, wakapika asida, yaani ugali wa uwele, na mchuzi wa bamia kavu. Wao ndio walioponda majani ya kawal, wakayafukia ardhini ndani ya chungu kama wiki mbili mpaka yachachuke, yakawa kitoweo mahali pa nyama. Majirani zetu wa mtaa wa pili walipeleka mashtaka kwa Kamati juu ya harufu ya kawal. Tunakiri kosa. Harufu yake hukaa vidoleni hata siku ya pili. Lakini aliyeonja hakurudi kushtaki.

Jioni, watoto walikusanyika kwa mwalimu wa Kurani, tunayemwita faki. Waliwasha moto mkubwa, wakakaa kuuzunguka na mbao zao, wakasoma kwa sauti. Wino ulitengenezwa kwa masizi na gundi ya mti. Mtoto akiisha kuhifadhi sura, alioshewa ubao wake akaanza nyingine. Wengine walitumwa mbali na wazazi wao kwenda kusoma kwa mwalimu mwenye sifa, na wakaitwa muhajirin, yaani waliohama. Neno hilo kwetu lilikuwa la heshima kabla halijawa la huzuni.

Ndugu zetu, yote tuliyoyataja, kuta za mawe, mifereji, nyumba, mavuno, hayakufanywa na mtu mmoja. Yalifanywa kwa nafir. Wakenya mnaita harambee, Wakongo mnaita salongo, Waganda wanaita bulungi bwansi, kila mmoja wenu analo jina lake. Kwetu mtu akitaka kupalilia shamba, kujenga nyumba au kuvuna, huwaita majirani kwa siku moja. Yeye huandaa chakula na kinywaji. Wao huja na majembe yao, hufanya kazi ya mwezi kwa siku moja, hula, huondoka. Hakuna malipo. Deni ni moja tu: wewe ukiitwa kesho, uende.

Iko habari moja ya nafir ambayo tunataka mwisikilize vizuri. Mtaalamu mmoja wa Norway, Fredrik Barth, aliishi kati ya Wafur miaka ya 1960, na aliandika habari hii mwaka 1967. Anasema mwaka 1961 mfanyabiashara mmoja Mwarabu aliyezoea kuja sokoni kwetu aliomba ruhusa kukaa kijijini msimu wa mvua, akapewa shamba, maana kwetu mgeni hakunyimwa ardhi ya kulima. Alikuja na mkewe. Alikuwa amenunua uwele wa bei rahisi huko bondeni, wa paundi 5, akaupandisha kwa punda wake. Mkewe akapika pombe ya uwele. Hatutaficha kwamba zamani zile nafir mahali pengi ilifanywa kwa pombe, ingawa masheikh walikataza. Akawaita watu nafir mara nyingi, wakamlimia shamba kubwa la nyanya, kila mmoja akidhani anamsaidia jirani. Nyanya zikamletea zaidi ya paundi 100. Hakuiba. Kila aliyekuja alikula na kunywa. Lakini yeye hakuwa na shamba la jirani la kwenda kulipa deni, na mvua ilipokwisha alikuwa na faida yake.

Si kwamba mtu yule alikuwa mbaya, wala hatuitoi habari hii kwa sababu alikuwa Mwarabu. Tunaitoa kwa sababu yamefanyika hapa kambini, na safari hii aliyefanya ni mmoja wetu.

Lakini kwanza tuseme kilichotupata nyumbani, maana mambo haya mawili yamefungana.

Februari 2003 waasi waliushambulia mji wa Golo, na vita vikaenea Darfur nzima. Vijiji vyetu vilichomwa, ndege zikadondosha mabomu, watu wakapanda juu mapangoni au wakashuka kwenye kambi za bondeni. Januari 2016 majeshi ya serikali yalishambulia tena mlima, na maelfu wakakimbia. Al-Bashir aliondolewa madarakani Aprili 2019, tukadhani tutarudi kutengeneza kuta zetu. Miaka 4 baadaye vita vingine vikaanza Khartoum na kufika kwetu. Safari hii mlima ukawa mahali pa kukimbilia. Watu wa mijini, ambao hawakuwahi kulima mlimani, walipanda kujiokoa, na vijiji vidogo vikajaa.

Agosti 31, 2025, baada ya siku za mvua kubwa, ubavu wa mlima ulianguka juu ya kijiji cha Tarasin. Ni kijiji kilichojulikana kwa machungwa yake. Kundi la waasi linalotawala sehemu ile lilisema waliokufa wanapita 1,000 na kwamba amebaki mtu mmoja tu. Wengine walitaja hesabu ndogo zaidi. Sisi hatuna ugomvi juu ya hesabu. Tulizipata habari kwa simu, kwa sauti inayokatika, na kila mmoja akaanza kuuliza majina.

Hapana gari lililoweza kufika pale. Watu wa misaada walikwenda kwa punda na kwa miguu. Waliofika kwanza ni watu wa vijiji vya jirani, wakachimba kwa mikono na majembe kutafuta maiti wapate kuwazika. Hakuna aliyewaita, na mwenye kijiji hakuwepo wa kuwaandalia chakula. Ile pia ilikuwa nafir, na pengine ndiyo nafir kubwa kuliko zote. Hapa kambini tulisali sala ya maiti asiyekuwepo, na tunawashukuru Wakristo wa mtaa wa kwanza waliokuja kukaa nasi kimya nje ya msikiti mpaka tulipomaliza.

Sasa turudi hapa. Wote mnajua mgawo wa chakula umepunguzwa mara kwa mara tangu 2023, na mwaka 2025 kaya nyingi ziliondolewa kabisa katika orodha. Kila mtu akageukia kiwanja chake. Tukasema, tufanye nafir kama nyumbani, na majirani Wakongo wakajiunga. Yuko mmoja wetu, hatumtaji jina, na yeye amekubali tuseme. Alikodi shamba kubwa kwa mwenyeji, akatuita kulima, akatuita kupalilia, akatuita tena. Alitupa chai na asida. Tulipomwita sisi, hakuja. Alisema anaumwa, alisema ana safari. Mavuno yalipofika aliuza magunia yote ya mahindi kwa mchuuzi wa lori, na watu wakaona lori likiondoka.

Maneno yakawa mengi. Mwezi uliofuata mama yake akafariki. Ndugu zetu, hili ndilo linalotuuma kulisema. Kwetu, kaburi halichimbwi kwa mwaliko. Ukisikia kilio unachukua jembe. Siku ile waliokuja kuchimba walikuwa wachache, na nusu yao walikuwa Wakongo na Wasudan Kusini, ambao hata dini yetu si yao. Sisi tunaosema mbele yenu leo, baadhi yetu tulibaki majumbani. Tulijifanya hatukusikia. Mama yule hakutukosea chochote. Wengine kati yetu alikuwa ametupokea kwa maji ya kunywa siku ya kwanza tulipofika.

Baada ya wiki moja wazee waliita kikao. Hii ndiyo njia tuliyosema tutaieleza. Kwetu inaitwa judiyya. Watu wa busara, ajawid, ambao si wa upande wowote, hukaa chini ya mti, huwasikiliza wote bila haraka, hata kama ni siku tatu, na hawaondoki mpaka wapate neno ambalo pande zote zinaweza kulibeba. Njia hii ilimaliza magomvi ya mashamba na mifugo miaka mingi kabla bunduki hazijawa nyingi. Safari hii tuliomba mzee mmoja Mkongo na mama mmoja Mkenya wakae pamoja na wazee wetu.

Pale kikaoni mwenzetu alisema jambo ambalo hakuna aliyelijua. El Fasher ilipotekwa Oktoba 26, 2025, mtoto wa dada yake alikamatwa njiani akikimbia, na waliomkamata walidai pesa kwa simu. Pesa ya mahindi yote ilikwenda huko. Mtoto alifika Tawila akiwa hai. Hakutuambia kwa sababu aliona haya, na kwa sababu alijua kila mmoja wetu ana mtoto wa dada njiani.

Tulinyamaza. Mtu angeweza kudhani mambo yameishia hapo. Lakini wazee hawakuishia hapo, na tunadhani walifanya sawa. Walisema dhiki inaeleza deni, haifuti deni. Yeye angetuambia, tungemlimia kwa kujua, na pengine tungeongeza. Kwa kutuficha alitufanya vibarua wasio na mshahara. Walimwamuru aende siku moja katika shamba la kila mtu aliyemsaidia. Kisha walitugeukia sisi. Walisema, "Na ninyi mlimdai mtu deni la shamba kwa kaburi la mama yake. Hilo ni baya kuliko la kwake." Walituamuru tukajenge ukuta wa mawe kuzunguka kaburi, wote, na chakula cha siku hiyo tujiletee wenyewe. Tulikwenda. Yeye alikuja akabeba mawe pamoja nasi. Hatukuongea mengi.

Sasa maombi yetu, Ndugu Mwenyekiti, nasi tunayaweka mbele ya wote.

Kwanza, nafir ya kambi iwe na daftari kwa Kamati: nani ameita, siku gani, na ameitikia mara ngapi. Kijijini hatukuhitaji daftari, kwa kuwa tulijuana tangu kuzaliwa. Hapa tumekutana kutoka nchi tano. Mazao ya kuuzwa sokoni yatangazwe tangu mwanzo, na wafanyakazi wapewe sehemu yao. Aliye na dhiki aiseme kwa wazee, hata kwa siri.

Pili, kilio kisihesabiwe katika daftari hilo kamwe. Mazishi hayana deni.

Tatu, tunaomba tuonyeshwe ile ardhi inayoteremka nyuma ya shule, ambayo mvua inaila kila mwaka. Mashirika yasitupe pesa. Watupe ruhusa, mitarimbo na toroli chache. Tutajenga kingo za mawe kama za kwetu, na watoto wetu watajifunza namna jiwe linavyokaa juu ya jiwe. Kazi hii haifundishwi kwa maneno, na waliokuwa wakiijua vizuri wanazidi kupungua.

Nne, tunawaomba wafanyakazi wa mashirika, mnapoandika orodha zenu, mwandike pia tunachojua kufanya. Mna karatasi za tulichopoteza, nyingi mno.

Waswahili wana methali kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku yetu ya tatu imekwisha kupita. Tunaliomba jembe.

Tunawaombea waliofunikwa Tarasin, waliobaki El Fasher, waliopotea njiani, na mama yetu aliyelala hapa katika ardhi ya Uganda. Mwenyezi Mungu awarehemu, nasi atupe mioyo ya kuitikia tunapoitwa.